Mkono Wangu na Visanduku Vyako

Ayikoru mwanangu,

Mimi baba yako ni mtu wa bahati, na nataka uanze safari ukijua hivyo. Koboko yote, toka stendi mpaka njia ya Oraba, nitafutie mtu mwingine ambaye mlango wa lori ulimwangukia mkononi, vidole vikafa ganzi, halafu vikarudi vyenyewe kama mbuzi aliyezoea kwao. Hayupo. Ni mimi tu. Mwanzo wa wiki hii umenipima mwenyewe kwa vijiko, sikukosa hata kimoja. Leo asubuhi nimeshika kikombe cha chai nikakiweka chini mbio, kwa moto. Muulize Swaibu, mpakizi mwenzangu, alikuwepo, ingawa na hicho kikohozi chake sijui kama aliona kitu.

Mwandiko usiucheke. Niliacha shule darasa la tano, na shule ilifurahi. Lakini nimefika Juba, nimefika Bunia, nimefika Mombasa nikaogopa bahari mchana kweupe, na lugha ninazo saba. Ya saba ni ya kutukana tu, lakini naijua vizuri.

Habari za sabuni, za boda za usiku, za kuficha simu ndani ya basi, shangazi yako wa Adumi amekwisha kukuambia zote, na nyingine amezirudia. Mimi naandika yale asiyoyajua yeye, yaani makosa. Hapo mimi ni profesa.

Mwaka jana hao wa Kampala walipokuita ukajenge programu zao za simu, ulikataa. Hukuniambia. Nilisikia kwa Swaibu, na Swaibu alisikia kwako, na wewe ulimwambia asiniambie, kwa hiyo ukajua lazima nitajua. Ulisema, "Mkono wa Baba haujapona, nani atamfungia vifungo vya shati?" Mwaka huu wamekuita tena, na ulisema mbele yangu kabisa, "Nikikupima nikaona umepona, naenda. Kama bado, nabaki, na tusibishane." Sawa. Umenipima. Kesho alfajiri gari la Arua linakuja kukuchukua, na Arua kuna basi.

Sasa nikuambie jinsi nilivyoumia. Miaka yote nimekuambia komeo lilikatika. Komeo halikukatika.

Pale tunaposhushia mizigo tuna desturi yetu. Ule mlango wa nyuma wa lori, wa chuma, unaoangukia chini, haufunguliwi kimya kimya. Anayeshika komeo anaita kwanza, "Mkono?" Wapakizi wote wanainua mikono hewani na kujibu, "Iko juu!" Ndipo anaachia. Hata mkuu wa wilaya akija pale na suti yake, akisimama karibu na lori atainua mikono. Ni sheria ambayo haikuandikwa na mtu, kwa hiyo inafuatwa.

Siku ile nilikuwa nasimulia. Unanijua. Nilikuwa nasimulia jinsi nilivyolala Juba kitanda kimoja na katekista na mwizi, na asubuhi katekista ndiye aliyekuwa amevaa viatu vyangu. Watu wanacheka. Mkono wa kushoto unachora hadithi hewani, wa kulia umeegemea bampa. Swaibu, aliyekuwa ameshika komeo, akaita, "Mkono?" Nikajibu pamoja na wenzangu, "Iko juu!" Tena mimi kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu nikaendelea na viatu vya katekista.

Mlango ukashuka.

Swaibu alishuka mbio, akanishika kichwa, anasema tu, "Si ulijibu? Ndugu yangu, si ulijibu?" Nilijibu, ndiyo. Sijamlaumu hata siku moja. Aliuliza kama desturi inavyotaka. Mdomo wangu ulikuwa umezoea jibu, ukalitoa bila kuniuliza mimi mwenyewe.

Na maumivu hayakuwepo, mama. Hilo ndilo linalonishangaza. Niliuangalia ule mkono kama unavyouangalia mkono wa mtu mwingine kwenye benchi la hospitali. Daktari wa Arua alisema mshipa wa fahamu umepondeka. Unaweza kurudi, unaweza kukataa. Nikamwambia, "Daktari, hata mimi niko hivyo."

Ukawa mwisho wa kubeba. Chama cha wapakizi kikaniweka stoo, niandike mizigo inayoingia na inayotoka. Wewe ulikuwa umemaliza masomo ya kompyuta Arua, ukawatengenezea ile programu ya simu. Nikajigamba mji mzima. Nilisema binti yangu ameweka stoo nzima ndani ya simu na bado ina nafasi ya picha.

Unakumbuka unga wa Mama Keji? Yule mfanyabiashara wa Yei, Sudan Kusini, aliyehamia upande wetu wa mpaka. Alikuja kuchukua magunia yake. Nikafungua simu, kidole gumba hiki kikalala mahali ambapo sikukituma. Kikatokea kisanduku cheupe, maneno ya Kiingereza, OK na Cancel zimelaliana kama ndugu kwenye mkeka mmoja. Nikabonyeza OK. Mimi na OK hatuna ugomvi.

"Wewe mzee, unga yangu iko wapi?"

"Iko stoo, mama."

"Ndani ya simu iko wapi?"

"Ndani ya simu... imesafiri."

"Imesafiri na nani? Mimi iko hapa!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi, maana nikicheka zaidi hawaangalii mkono. Yeye hakucheka, maana mzigo usiokuwa kwenye simu hautoki stoo. Ule unga ulikuwa chakula cha watoto wake na cha wa dada yake. Alikaa juu ya jiwe mbele ya stoo, kitambaa kichwani, akangoja mpaka ulipokuja. Uliurudisha kutoka kwenye kompyuta yako, ukamwambia, "Mama, pole, kosa ni langu." Lako! Nilikuwa nimesimama pale pale. Kosa likikuta mtu wa kulibeba, mimi simnyang'anyi.

Baada ya hapo ulileta kiti, ukakaa karibu nami stoo, unaangalia kidole changu. Siku nzima unaangalia kidole. Swaibu akauliza, "Huyu mtoto iko anasoma bahati ya baba yake?" Ukasema, "Hapana, Mzee. Nasoma anavyokosea."

Ukanieleza, nami nimekaa na maneno yale, hata kama nilijifanya sisikii. Ulisema kila simu inakuja na kisanduku chake tayari, kama shati la mtumba: unavaa hivyo hivyo, mikono mirefu au mifupi, shauri yako. Ukitaka kinachomkaa mtu wako, lazima ukijenge mwenyewe tangu mwanzo. Umbo lake. Rangi. Kinaingia vipi, kinatoka vipi. Na mtu akigusa nje yake kifanye nini; maana kile cha mtumba, ukigusa nje kidogo tu kinatoweka, na mtu wa ganzi kama mimi nilikuwa nagusa nje kila mara, nadhani nimejibu kumbe nimefukuza swali.

Ukajenga chako. Kikija, nyuma yake panakuwa giza, kama mtu aliyefunika taa ili umsikilize. Ukigusa nje, kinabaki pale pale kinakutazama. Vitufe viwili, vikubwa, kimoja juu kimoja chini, katikati pengo ambalo hata kidole changu hakiwezi kuliruka kwa bahati mbaya. Hakuna OK. Kimoja kinasema, "Futa unga wa Mama Keji." Kingine kinasema, "Acha unga ubaki." Na kile cha kufuta kinalala kidogo kwanza, kimepauka, ndipo kinaamka. Nilikuuliza kwa nini kinalala. Ukasema, "Ili mdomo wako usiwahi kabla yako, Baba."

Sikukuambia siku ile kuhusu "Iko juu". Ulisema neno lenyewe bila kujua, nikatoka nje kujifanya nakojoa.

Basi nikajitangaza. Nikawaambia wapakizi tumekijenga wawili: yeye aliandika, mimi nilikosea, na bila makosa yangu angejenga nini? Nikapata na ushauri wa kutoa. Nikakuambia weka visanduku kila mahali! Mtu akifungua programu, aulizwe. Akiandika gunia, aulizwe. Akifunga, aulizwe. Ulikataa, nikakusumbua, nikanuna kama bwana harusi aliyenyimwa nyama, ukaweka. Baada ya siku chache ukaja stoo, ukasimama nyuma yangu.

"Baba, hapo kilikuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida tu."

"Gani?"

"Ya mizigo. Ya usalama. Wewe si ndiye uliandika?"

Ulikuwa umeandika, "Je, Baba ni mbuzi?" Na mimi nilikuwa nimebonyeza, "Ndiyo, ni mbuzi," asubuhi yote, nikiwa na kalamu sikioni kama mtu wa maana. Swaibu alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mpaka leo akinipigia simu, salamu yake ni mlio wa mbuzi.

Ndipo ukasema, "Watu wanakufa ganzi, Baba. Swali likija kila saa hawalioni tena. Wanajibu tu lipite." Ukaviondoa. Ukabakiza kwa vile vitu ambavyo vikienda havirudi. Vingine vyote ukawekea utepe mdogo chini ya skrini, "Rudisha", kwa mtu aliyejuta mapema.

Mimi nilijuta mapema mara chache sana.

Ile ganzi uliyoisema haikuanzia mkononi. Siku tulipomzika mama yako hapa nyuma ya nyumba, watu walikuja kwangu mmoja mmoja na maswali. Kaburi lielekee wapi. Padri aitwe lini. Chungu cha shangazi kiko wapi, maharagwe yapikwe na nani. Kila mmoja nilimjibu, "Iko sawa." Padri, "Iko sawa." Maharagwe, "Iko sawa." Wakasema mwanaume huyu ana moyo wa chuma, na mimi nikaipokea sifa ile, nikaikalia kama kiti. Halafu ulikuja wewe, na sare ya shule, soksi moja imeshuka. Ukaniuliza, "Baba, mimi nitalala wapi leo?"

Nikakujibu, "Iko sawa."

Ukaondoka. Sijui ulilala wapi. Sijawahi kukuuliza, na miaka imepita, na hata sasa nikiandika hapa najaribu kujua nasikia nini, sipati. Natazama tu ile soksi.

Leo mchana nimekutazama ukikunja nguo. Umekunja lile gauni la kijani, umelikunjua, umelikunja tena. Nilikaa mlangoni nikingoja kitu kinichome, maana baba za watu wanalia, nimewaona stendi wakijipangusa kwa kofia. Hakikuja kitu. Nilifikiria bei ya mihogo. Nikakuambia utani ule wa katekista, ukacheka kwa heshima. Usidhani ni ushujaa, na usidhani sikupendi. Ni kama kidole kilivyokuwa: kipo, kucha yake inaota, unaikata, lakini habari hazifiki. Nakuambia haya kwa sababu una kichwa changu. Mwaka jana ulipowakataa wale wa Kampala, ulikuja jioni ukapika, ukaimba. Nilidhani umefurahi. Sasa nadhani ulikuwa unasema "iko sawa" kwa njia yako. Huko uendako, au popote utakapokuwa, ukijisikia unajibu haraka sana, lala kidogo kwanza kama kile kitufe chako. Sina zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe sijakiweza.

Kuna jambo jingine, na hili nilikosea kwa macho wazi.

Mwenyekiti wa chama alipokuja kwako na lile wazo lake. Alitaka kisanduku kiwajie wapakizi wote wakifungua simu asubuhi: kwamba mpakizi akiumia kazini, ni shauri lake na familia yake. Na chini yake kitufe kimoja tu, "Nakubali". Ukamwuliza, "Na asiyekubali abonyeze wapi?"

"Hakuna asiyekubali."

"Basi huulizi kitu, Mwenyekiti. Hiyo ni taarifa. Ibandike mlangoni."

"Wewe mtoto, programu iko ya nani?"

"Iko ya kwenu. Lakini kisanduku cha kitufe kimoja, mtu akikibonyeza hajakubali. Amepita tu. Mimi sijengi hiyo."

Akanigeukia mimi. "Mzee, sema na binti yako." Na mimi, mwenye mkono huu, niliyelala hospitali na wapakizi wale wale wakaniletea uji kwa zamu, nilikuambia, "Mama, jenga tu, tuishi na watu." Uliniangalia. Ulifunga kompyuta ukaenda zako, na hukujenga, na mpaka leo hakipo. Mwenyekiti hanisalimii vizuri, na sijali, ana miguu mifupi. Lakini ule mtazamo wako ninao. Nimekuwa nao wiki hii yote, tangu ulipochukua vijiko.

Ulinifunga macho kwa kitambaa cha mama yako. Ukachukua kijiko kimoja kwenye chai, kingine kwenye mtungi, ukanigusisha kidole gumba. Nikasema, "Moto." Nikasema, "Baridi." Nikasema, "Moto, na chai haina sukari." Ukacheka, halafu ukalia kidogo, nikakusikia ukivuta kamasi. Swaibu alikuwa amekaa nyuma yako ukutani anakohoa, ukamwambia, "Mzee, hiyo kifua nenda ukapimwe." Ukamchemshia tangawizi na asali. Ameipenda mno, sasa kila jioni anauliza kama iko.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Begi limefungwa. Nilikuwa niandike mashauri mawili matatu, niiweke barua chini kabisa ya begi, uikute Kampala ukifungua nguo. Nimeandika mpaka hapa, na kila nikifika kwenye kile kitufe kimoja cha mwenyekiti, kalamu inasimama.

Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, usiweze kutoka bila kuiona. Ukishaisoma una njia mbili, na zote nimezipa nafasi. Gari likipiga honi ukitoka, nitakusindikiza mpaka barabarani na begi lako, Swaibu atanifungia vifungo, amekubali, hata kama vidole vyake ni kama migomba. Usipotoka, nitamwambia dereva apite, na sitakuuliza kwa nini, wala sitanuna, au nitanuna kidogo. Mimi nataka uende. Lakini hiyo ni yangu, wewe una yako.

Swaibu hana kikohozi. Kukohoa mara moja ilikuwa moto, mara mbili ilikuwa baridi, tuliyapanga nyuma ya stoo. Chai leo nimeimwaga kwa sababu sikujua kama nimekishika kikombe. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haujarudi, mama, na ile bahati ya mwanzo wa barua sina.

Baba yako